Baraka niliyoitupa kama jiwe

Siku ya tatu bila umeme, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa kwenye depo ya makala kule Katuba na mfuko mtupu mkononi.

(Wasomaji wa pwani mtanivumilia. Kwetu Lubumbashi, Kongo, makala ni mkaa. Haya mnayoyasoma sasa sijui tuyaiteje.)

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na mvua ikinyesha wenye baiskeli hawafiki. Wanatoka mbali, kila mwaka mbali zaidi, maana miti ya karibu na mji tumekwisha kuichoma. Basi mifuko ilikuwa michache na akina mama tulikuwa wengi, kila mmoja ameacha kitu chake kwenye laini kimshikie nafasi: bidoni, tofali, ndala moja. Mimi niliacha jiwe. Nikavuka barabara kununua mikate. Niliporudi nikakuta jiwe langu limesukumwa pembeni, na mahali pake amesimama mama mmoja wa avenyi yetu. Ninamjua kwa sura miaka sita sasa. Wajukuu wake na wanangu wanacheza mpira mmoja wa matambara.

Nikasema, "Mama, pale palikuwa pangu."

Hakugeuka. Alijibu huku anaangalia mifuko: "Weye kilulu, panga laini nyuma. Ao rudia kule treni ilikutoa."

Depo nzima ikanyamaza. Hata kijana aliyekuwa anapakia mizigo alisimama na koleo hewani.

Nami nikatabasamu, nikasema taratibu, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani: "Mungu akubariki, mama."

Mzee mmoja aliyekuwa akishona midomo ya mifuko akatikisa kichwa. "Huyu njo Mukristo," akasema. Akina mama wakasonya, wakisonya kwa niaba yangu. Muuzaji akanihudumia wa pili. Nikarudi nyumbani na mfuko kichwani, shingo imenyooka kama ya bibi harusi.

Nilikuwa nimeshinda.

Ushindi uliokataa kulala

Wiki ya kwanza nilisimulia habari hii mara nne. Kwanza kwa dada yangu, kisha kwa walimu wenzangu, kisha mara mbili kwa akina mama wa jumuiya yetu, kwa sababu wengine walichelewa sala. Kila nilipoisimulia, sauti yangu ilizidi kuwa tamu na yule mama alizidi kunenepa. Mara ya nne alikuwa amenisukuma kifuani. Hakunisukuma.

Hapo ndipo nilipoanza kujishuku.

Mtu aliyesamehe hana haja ya mashahidi. Mimi nilikuwa nakusanya mashahidi kama mtu mwenye kesi. Na jioni, nikipuliza mbabula, jiko letu, ili makala yashike, nilikuwa nairudia ile "Mungu akubariki" kimoyomoyo, naitengeneza, naipunguza hapa, naikaza pale, iwe kali zaidi. Baraka gani hiyo inayonolewa?

Jumapili ya pili tulipofika kwenye Baba Yetu, mahali pa kuwasamehe waliotukosea, nilimwona safu tatu mbele yangu, kitambaa cha bluu kichwani. Sikujua kama anasali kanisa letu. Miaka sita, na sikujua! Midomo yangu iliendelea na sala, lakini moyo ulikuwa unahesabu: yeye hatapokea komunyo, mimi nitapokea, na aone.

Alipokea. Nilipokea pia. Sikumbuki nilirudije kitini.

Kilulu

Wa Katanga na wa Kasai hamhitaji nieleze neno hili. Kwa wengine: kilulu ni mdudu, wingi wake bilulu, na huku kwetu Katanga ni tusi la kumwita mtu ambaye asili yake ni jimbo la Kasai. Nitasema tu nilipolisikia mara ya kwanza.

Ilikuwa Likasi, Septemba 1992. Nilikuwa na miaka tisa. Babu yangu aliletwa huko na kampuni ya migodi, Union Minière, siku mji ulipoitwa bado Jadotville, akachimba shaba, akazaa, akazikwa hapo hapo. Baba yangu Kasai alikuwa akiiona kwenye barua tu. Lakini wiki ile vijana walipita avenyi kwa avenyi wakiimba kwamba bilulu watoke, kwamba wadudu wanakula majani ya nchi, na sisi tukatoka. Tukalala kwenye stesheni ya reli pamoja na maelfu ya watu, tukingoja treni ya kutupeleka Mwene-Ditu, kule Kasai, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitungojea. Tuliingoja wiki nyingi. Mdogo wangu wa mwisho hakupanda treni ile.

Hayo yatosha. Sipendi kuyaandika na sitayaandika zaidi.

Nasema tu kwamba yule mama alipotamka neno lile kwenye depo, hakunitukana mimi wa miaka arobaini na kitu, mwalimu, mwenye kitambulisho na parseli, kiwanja changu mwenyewe. Alimtukana mtoto wa miaka tisa anayekaa juu ya furushi la nguo. Na mtoto yule ndiye aliyejibu. Alijibu kwa silaha pekee aliyokuwa nayo, jina la Mungu.

Sauti gani?

Mama yangu mzazi anaishi nami. Macho yamefifia, masikio bado. Sikumsimulia kisa kwa sababu sikutaka alisikie lile neno tena, lakini dada yangu alimpelekea.

Jioni moja, tunachambua sombe, majani ya muhogo, akaniuliza bila kuinua uso: "Ulimubariki na sauti gani?"

"Sauti ya kawaida, mama."

"Isemeshe, nisikie."

Nikaisema. Akacheka mpaka majani yakamwanguka mapajani. "Eh! Hata miye unaniogopesha."

Kisha akanisimulia jambo ambalo kwa zaidi ya miaka thelathini hakuwahi kunisimulia. Wazazi wangu walikuwa wa Jamaa, ule mwendo aliouanzisha padri Placide Tempels kule Kolwezi katika miaka ya 1950, ambamo watu walikaa usiku kucha wakiulizana mapendo ni nini, na Mluba, Mlunda, Msanga na mzungu waliitana baba na mama. Likasi palikuwa na mama mmoja wa Jamaa, mtu wa Katanga, wa kuzaliwa na wa mababu. Wakati tumelala stesheni, alikuwa akija kila jioni na sufuria ya bukari, ugali wetu, kichwani. Hilo nililikumbuka kidogo: bukari ilikuwa ya moto. Nisilolijua ni njiani alipitaje.

Vijana walimzuia. Wakamwuliza kama bilulu ndio anaowapelekea chakula. Hakuwaita wauaji, wala hakuwahubiria. Na, mama yangu alitia mkazo hapa, hakuwabariki. Aliweka sufuria chini, akamtazama yule aliyekuwa na fimbo kubwa, akamwuliza: "Mama yako anaitwa nani?"

Kijana akanyamaza.

"Nimekuuliza tu, mwanangu. Anaitwa nani? Nimusalimie nikipita kule."

Akapita. Kesho yake akapita tena. Siku nyingine walimwaga bukari chini, akarudi nyumbani kupika nyingine. Mama anasema mara moja walimpiga pia. Sufuria ile ya pili ilifika usiku, na aliyeibeba alikuwa na jicho lililofunga.

Nilimwuliza mama yangu kwa nini hakunisimulia haya nikiwa mtoto. Akasema: "Ulikuwa unapenda kuchukia. Nilikuwa nakungoja umalize."

Aliyepigwa anauliza

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma upya ukurasa mmoja wa Yohana, sura ya 18. Yesu amefungwa, yuko mbele ya kuhani Anasi, na mtumishi mmoja anampiga kofi. Yeye ndiye aliyefundisha kugeuza shavu la pili. Ungemtazamia ageuze, au anyamaze. Hageuzi wala hanyamazi. Anauliza: kama nimesema vema, wanipigia nini?

Nimeusikia mstari huo kila Ijumaa Kuu tangu utotoni, na sikuwahi kuona kwamba ni swali la kweli. Nilidhani ni lawama. Sasa nadhani alitaka jibu. Alimpa mtumishi yule nafasi ya kufikiri kwa kichwa chake mwenyewe, labda kwa mara ya kwanza siku hiyo, maana mtumwa wa kuhani mkuu haulizwi sababu ya kofi lake. Mimi kwa ile baraka yangu nilifunga mlango. Baada ya "Mungu akubariki" ya namna ile, yule mama angejibu nini? Nilimwacha na neno lake mdomoni kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu stesheni.

Na nimemfikiria Isidori Bakanja. Sisi Wakongo tumemweka kwenye skapulari, kile kitambaa kidogo cha ibada cha kuvaa shingoni, na kwenye kalenda, tukasahau alisema nini. Alikuwa kijana fundi mwashi, aliyebatizwa Mbandaka mwaka 1906. Kwenye shamba la kampuni alikokuwa akifanya kazi, msimamizi Mbelgiji alichukia kumwona na skapulari shingoni, akaamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo. Vidonda vikaoza. Alichukua miezi kufa, mpaka tarehe 15 Agosti 1909. Wote tunafundishwa kwamba alisema atamwombea mzungu yule akifika mbinguni, na ni kweli alisema. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Lakini kuna maneno yake mengine. Aliwaagiza waliokuwa wakimwuguza kwamba wakimwona mama yake, au wakienda kwa hakimu, au wakikutana na padri, wawaambie kwamba anakufa kwa sababu ni Mkristo.

Kwa hakimu!

Kinywa kile kile kilichoahidi kumwombea aliyempiga kilituma habari kwa hakimu. Sikuwahi kusikia mahubiri juu ya hakimu huyo. Tunapenda Bakanja anayeomba. Anayeshitaki tunamwacha kwenye vitabu vya historia. Wala sidhani alikuwa na mioyo miwili. Nadhani hakuona kwa nini msamaha uwe uongo.

Mahali ninapogoma

Hapa sina budi kusema lililonizuia wiki mbili nisiende popote.

Kwa nini ni mpigwaji anayefundishwa upole? Tulirudi kutoka Kasai mwaka 1999, tukakaa kwenye mabenchi ya kanisa la Lubumbashi, na kila mwaka tukahubiriwa tusamehe. Sawa. Lakini je, walioimba barabarani walihubiriwa nini? Nao walikuwa kwenye mabenchi yale yale. Sijamsikia mtu akisimama na kusema, mimi nilikuwa na fimbo, mama yangu anaitwa fulani. Upole ukidaiwa upande mmoja tu, unageuka kuwa kodi.

Tena, yule mama wa bukari aliweza kuuliza kwa sababu alikuwa mtu wao. Mama yangu angeuliza swali lile lile, asingerudi. Mtu wa Goma au Bukavu, aliyeona mji wake ukichukuliwa mwanzoni mwa mwaka 2025, akisoma haya ana haki ya kuniambia kwamba mwenye bunduki haulizwi kitu. Nami nitamjibu kwamba anasema kweli. Kuna siku ambayo ujasiri wote uliobaki ni kubeba watoto na kukimbia, na Bwana mwenyewe alibebwa usiku kupelekwa Misri.

Ila mimi sikuwa mbele ya bunduki. Nilikuwa mbele ya mama mwenye ndala zilizokatika. Kila nilipotafuta sababu ya kutokwenda, nilijikuta naazima hofu ya stesheni ili kuikwepa parseli iliyo hatua mia mbili kutoka kwangu.

Dada yangu alinishauri niende na kilo ya sukari. Nilikataa. Sukari ingekuwa baraka nyingine ya aina ile ile.

Parseli ya pili baada ya kona

Nilikwenda Jumamosi jioni, mikono mitupu. Alikuwa anafua uniforme za wajukuu. Aliponiona akakaza mikono ndani ya maji.

"Karibu," akasema, kwa namna ya mtu asiyejua kama amekaribisha.

Nilikuwa nimejizoeza kusema kwa utulivu. Nilipofungua kinywa, sauti ilitetemeka kama ya mtoto aliyetumwa kudai deni. "Mama, siku ile kwenye depo uliniita kilulu. Nimekuja kukuuliza: nilikukosea nini?"

"Miye sikumbuke."

"Unakumbuka, mama. Hata mimi ninakumbuka."

Akakamua shati moja muda mrefu sana. Kisha akageuka, na uso wake haukuwa na haya hata kidogo. Ulikuwa na hasira, na chini ya hasira kitu ambacho sikukitegemea.

"Na weye? Weye ulinifanya nini?"

"Mimi?"

"Ile baraka yako. Ulitaja jina la Mungu na macho ya mulozi."

Mulozi ni mchawi. Akanieleza. Usiku ule ule mjukuu wake mdogo alishikwa na homa. Hakulala. Asubuhi alimpeleka kwenye kituo cha afya, wakampima, ni malaria, wakampa dawa. Lakini kabla ya kituo cha afya alipitia chumba cha maombi, akalipa, wakamfungua kutokana na maneno yangu. Kwa majuma matatu alikuwa akizunguka avenyi nyingine asipite mbele ya mlango wangu. Nilidhani ananidharau. Alikuwa ananiogopa.

Niliona damu inanipanda kichwani. Mimi ndiye niliyetukanwa! Mimi ndiye mwenye mdogo aliyebaki Likasi! Na sasa niwe mulozi pia? Niliinuka kwenye kigoda. Sijui wengine huwa wanapata nini wakati kama huo. Mistari ya Biblia haikunijia. Ilinijia sauti ya mama yangu akicheka juu ya sombe. Eh, hata miye unaniogopesha.

Nikakaa tena.

"Ni kweli," nikasema. "Kinywa kilibariki, macho hayakubariki. Kwa hilo nisamehe."

Katika maisha yangu sijabeba mfuko mzito kama neno lile.

Yeye hakusema lake. Nilingoja, na hakulisema. Badala yake akaanza juu ya kijana wake mwenye diploma anayelala mbele ya lango la mgodi akingoja kuitwa kazi ya siku, juu ya bei ya unga, juu ya wageni wanaoshuka kila treni ikifika, na kwamba wakubwa wote siku hizi ni ba kwetu, watu wa Kasai.

"Mama," nikamwambia, "mimi sina mkubwa hata mmoja. Ningekuwa naye, ningepanga laini ya makala?"

Akacheka. Kidogo, kwa pua, halafu akajizuia.

Nikaona mlango umefunguka kadiri ya kupitisha kidole, nikasema lililobaki. "Lakini neno lile usiliseme tena. Si mbele yangu tu. Nililisikia nikiwa na miaka tisa, na waliokuja nyuma ya neno lile walikuja na moto. Wanangu wanacheza na wajukuu wako. Usiwafundishe."

Alinyamaza. Aliingia ndani, nikadhani mazungumzo yamekwisha. Akatoka na kikombe cha maji, kikombe cha plastiki cha kijani, akanipa kwa mikono miwili. Wote wawili tulijua ni maji ya nani na nani anapewa. Niliwaza kilulu, yeye nadhani aliwaza mulozi.

Nikayanywa yote.

Jiwe

Umeme ulikatika tena wiki iliyopita. Nilifika depo nimechelewa. Nilikuwa nimemtuma mwanangu mapema aweke jiwe, na mtoto akaliweka na kwenda shule. Laini ilikuwa imepita jiwe langu kabisa. Nilikuwa tayari kusimama nyuma, sikuwa na nguvu za kesi.

Sauti ikatoka mbele, ile ile, bila kugeuka: "Mumuachilie huyu mama wa Kasai. Jiwe njo lake."

Wa Kasai. Babu yangu kazikwa Likasi, mimi nimezaliwa Likasi, na bado ni wa Kasai. Nilisimama pale nikipima neno hilo jipya, kama mtu anayepima noti asiyoiamini. Watu wakanipisha. Nilipofika karibu naye nikasema, "Aksanti, mama."

"Sawa," akasema. "Lakini usinibariki."

Nikafungua mdomo wa mfuko, na kijana akaanza kujaza.